Elfu sita ya Mwanjelwa si elfu sita ya Makete

Mtaala una Taasisi ya Elimu. Mitihani ina Baraza lake. Ajira na nidhamu ya walimu zina Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Lakini swali la mtoto mmoja kusoma vizuri mwaka mzima kunagharimu shilingi ngapi halina mwenyewe. Linaibuka wakati wa bajeti, linajibiwa kwa fungu lililopo, basi. Naunga mkono liundiwe tume yake, ya kudumu. Ila tume hiyo ikija kututangazia kiwango kimoja cha nchi nzima, heri isiundwe.

Kiwango kimoja tunacho tayari. Ni ruzuku iliyozaliwa na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002: dola 10 kwa kila mwanafunzi wa msingi, enzi hizo dola inakaribia shilingi 1,000, ikaandikwa 10,000. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, namba ilikuwa ile ile: 6,000 ziende kwenye akaunti ya shule, 4,000 zibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Sekondari iliandikiwa 25,000, nusu shuleni nusu vitabu, juu yake fidia ya ada, 20,000 kwa wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Siku hizi dola inazungukia 2,500, kwa hiyo ile kumi imebaki nne hivi. Huo ndio upungufu unaopigiwa kelele kila mwaka, na ni wa kweli. Lakini kuna kasoro nyingine ambayo hata ukipandisha kiwango mara tatu haiondoki, nayo imejificha kwenye maneno mawili: "kila mwanafunzi".

Chukua shule mbili za kufikirika. Moja iko Mbeya mjini, jirani na Mwanjelwa, ina wanafunzi 1,440. Nyingine iko kijijini Makete, ina 180. Kwa 6,000 ya mwaka, ya mjini inapata 8,640,000, yaani 720,000 kwa mwezi. Ya Makete inapata 1,080,000, yaani 90,000 kwa mwezi. Mpaka hapo inaonekana haki bin haki. Sasa mwalimu mkuu wa Makete anatakiwa kufika makao makuu ya halmashauri mara moja kwa mwezi kwa taarifa na benki. Tuseme nauli kwenda na kurudi ni 20,000. Hiyo ni asilimia 22 ya fedha za mwezi kabla hajanunua hata boksi moja la chaki. Mwenzake wa mjini anapanda daladala, 2,000 inatosha, haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja. Daftari la mahudhurio, shajala, kufuli la ofisi, kengele, taarifa za robo mwaka: vyote vinahitajika shule iwe na watoto 180 au 1,440.

Kwenye walimu ndiko mambo yanakuwa mabaya zaidi. Ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule ya msingi inastahili, inapigwa kwa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Ya mjini inastahili walimu 32. Ya Makete inastahili 4. Lakini hiyo ya Makete ina darasa la awali na la kwanza mpaka la saba, jumla madarasa manane. Walimu wanne, madarasa manane, na mmoja wao ndiye mwalimu mkuu aliyesafiri. Kwenye karatasi shule hiyo haina upungufu wa mwalimu hata mmoja, wala haitaonekana kwenye orodha ya shule zenye shida. Siku ya kawaida nusu ya madarasa yanakaa yenyewe, au mwalimu anagawa ubao kwa mstari wa chaki, upande huu la tatu, upande ule la nne.

Kwa hiyo hesabu inayofaa ina sehemu tatu. Kuna gharama ya kuwepo tu kwa shule, ambayo haijali idadi ya watoto. Kuna gharama inayoongezeka kwa kila mtoto. Kisha kuna mahali.

Nyanda za Juu Kusini ni darasa zuri la somo hilo la mahali. Saruji inatengenezwa hapa hapa Songwe, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Ukijenga Uyole, mfuko unafika bila nauli kubwa. Ukijenga kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, chini ya milima ya Livingstone, mfuko ule ule unapanda lori, unashushwa ziwani, unapakiwa kwenye boti, unashushwa tena, kisha unabebwa kichwani. Kila unaposhushwa kuna malipo, na safari ya maji ina unyevu: mfuko ukikaa vibaya unaganda, na ulioganda ni hasara ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Ndiyo maana bei anayotakiwa kuiandika mkusanya takwimu si ya dukani. Ni bei ya mfuko ukiwa umeshushwa shuleni, na ichukuliwe mara mbili, Machi wakati mvua zimekata barabara na Agosti barabara zikiwa kavu. Ukiuliza Agosti peke yake, umeipunguzia shule ya mlimani gharama kwa kalamu.

Jengo lenyewe nalo halifanani. Kyela, karibu na usawa wa ziwa, mita mia nne na kitu, darasa linataka madirisha mapana ya kupitisha hewa na msingi ulionyanyuliwa kwa sababu ya mafuriko. Panda hadi pembezoni mwa Kitulo, mita 2,600 hivi, dirisha la nondo bila kioo ni adhabu. Juni na Julai mtoto anaandika huku mkono mmoja ameuficha kwenye sweta. Rungwe mvua haina mzaha, hapo bati jembamba la geji 30 ni kujidanganya, weka 28, nene zaidi, na usisahau mifereji ya kuvuna maji kwa sababu bila hiyo matone yanachimba msingi. Mbao za kenchi Mufindi na Njombe ni rahisi kwa kuwa misindano iko mlangoni. Mbao hizo hizo zikifika Chunya zimeshakula lori.

Ukumbuke milioni 20. Katika fedha za UVIKO-19, madarasa 15,000 nchi nzima yalijengwa kwa milioni 20 kila moja. Mwishoni mwa 2022 zikatoka bilioni 160 kwa madarasa 8,000. Ukigawa unapata milioni 20 ile ile. Sibezi kazi hiyo, madarasa yalisimama. Lakini bei moja kwa nchi nzima maana yake ni kwamba aliye karibu na kiwanda anabakiza chenji, na aliye mbali anabana. Unajua anabania wapi? Kwenye vitu visivyoonekana siku ya uzinduzi: kokoto za sakafu, mkanda wa zege juu ya renta (boriti ya juu ya milango na madirisha), dawa ya mchwa. Baada ya misimu mitatu sakafu inatoka vumbi na miguu ya madawati inazama.

Chakula nacho kiingie kwenye hesabu, hata kama analipa mzazi. Hapa watu wa mipango hukwepa, wanasema hiyo ni michango. Gharama haibadiliki kwa sababu imelipwa na mfuko mwingine. Tuchukue makande ya mchana, gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa mtoto, siku 194 za masomo. Kwa mwaka mtoto mmoja anakula kilo 23 na kidogo za mahindi, yaani debe moja na ziada, na maharage yasiyofika kilo 8. Shule ya watoto 400 inahitaji magunia 93 ya mahindi ya kilo mia mia na magunia 31 ya maharage. Ongeza kuni, mpishi, chumvi, mafuta, na stoo isiyoingiza panya. Mbozi, mahindi hayo wazazi wanayaleta mwezi wa saba bila kelele. Makete wanalima zaidi viazi na ngano, mahindi mengi yananunuliwa. Makosa ya kawaida ni mawili: kukusanya debe kwa wote wakati wa njaa, Februari, badala ya wakati wa mavuno, na kusahau kwamba sehemu ya magunia hayo italiwa na wadudu kabla ya Novemba. Mzazi akishindwa debe, mtoto wake anaangalia wenzake wanakula. Hakuna jedwali la bajeti linaloonyesha hilo.

Vivyo hivyo nguvu kazi. Kijiji kinafyatua tofali, kinachoma, kinasomba mchanga na mawe, kinapandisha boma hadi renta, kisha kinasubiri halmashauri iezeke. Boma likikaa misimu miwili ya mvua bila bati, udongo wa viungio unatoka na mistari ya juu inabomolewa upya. Tume ikiandika kazi hiyo kuwa sifuri kwa kuwa haikulipwa, itapata darasa la bei nafuu ambalo haliwezi kujengwa popote watu wanapokataa kujitolea.

Njia za kupiga hesabu hii zipo, wengine wamezitumia miaka mingi. Jimbo la Maryland, Marekani, liliunda tume mwaka 1999, iliyokuja kuitwa kwa jina la mwenyekiti wake, Thornton, ikatoa ripoti 2002 na sheria ikapitishwa mwaka huo huo. Walitumia njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza, jopo la walimu na wakuu wa shule linakaa na kuorodhesha kila kinachohitajika ili watoto wafikie kiwango, kisha vitu vinawekewa bei. Ya pili, zinatafutwa shule ambazo tayari zinafikia kiwango, kinaangaliwa kinachotumika pale.

Hiyo ya pili kwetu ni mtego. Ukichukua shule zinazoongoza matokeo utapata seminari na shule za bweni zinazochuja watoto kwa mtihani wa kuingia. Fedha zake hazikuambii chochote kuhusu shule ya kata inayopokea kila aliyefaulu. Halafu kuna twisheni, ambayo mzazi wa mjini analipia pembeni na haimo kwenye kitabu chochote cha shule. Jopo nalo lina ugonjwa wake: ukiwauliza walimu wanataka nini, utaletewa orodha ya harusi. Dawa yake ni majopo zaidi ya moja yasiyoonana, kila moja lipewe shule ya mfano yenye idadi kamili ya watoto, kisha jopo la pili lipewe orodha ya kwanza na kuambiwa ipunguze robo na ieleze nini kitaanguka. Jimbo la Oregon, huko huko Marekani, ambako mfano wa namna hii ulianza 1999, wanatumia shule za mfano zenye ukubwa uliotajwa. Sisi tungehitaji angalau nne: ya kijijini ndogo, ya kata ya kati, ya mjini iliyofurika, na ya pembezoni isiyofikika masika.

Maryland ina fundisho jingine. Marekebisho ya bei kulingana na mahali yalipendekezwa mapema, lakini fedha zake hazikutengwa mpaka mwaka wa bajeti wa 2009. Sehemu ya mahali ndiyo ya kwanza kuahirishwa, maana wanaoishi mbali ndio wachache bungeni. Kwa hiyo iwe ndani ya fomula yenyewe, isiwe nyongeza.

Takwimu za kuanzia zipo nusu. Mfumo wa FFARS unaonyesha fedha zilizoingia na kutoka kwenye akaunti ya shule, lakini mshahara haumo, unatoka Hazina kwenda kwa mwalimu moja kwa moja. Na mshahara ndio mzigo mkubwa. Shule yenye walimu wengi wa daraja la juu inapokea fedha nyingi za umma kuliko yenye wawili wa TGTS B, ngazi ya chini ya mshahara wa walimu, ingawa ruzuku kwa kichwa ni ile ile. Tume ipewe kisheria haki ya kuunganisha orodha ya malipo na namba ya shule, bila majina. Bila hiyo itapiga hesabu ya chaki tu.

Kuhusu umbo la tume: tumewahi kuwa na ya rais, iliyoongozwa na Jackson Makweta, mbunge wa Njombe Kaskazini kwa miaka mingi, na ripoti yake ya 1982 inatajwa hadi leo. Lakini tume ya uchunguzi, chini ya Sura ya 32 ya sheria za nchi, ikikabidhi ripoti kazi imekwisha. Bei hazisubiri. Iwe ya sheria yake, itoe hesabu kila baada ya miaka miwili, na hesabu hiyo itoke Agosti, kabla mwongozo wa bajeti haujashuka kwa halmashauri. Ikitoka Machi, halmashauri zimeshafunga makadirio. Wapiga kura wa Oregon mwaka 2000 waliongeza sharti zuri kwenye katiba yao: bunge litoe fedha za kutosha malengo ya ubora, au lieleze kwa maandishi kwa nini hazitoshi. Mara nyingi hazitoshi. Lakini pengo lina namba.

Kazi ya kwanza haihitaji kutafutwa. Kwa sera mpya ya elimu, shule ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Waliokuwa darasa la tatu 2024 wanafika la sita 2027, mwaka ule ule ambao waliokuwa la nne wanafika la saba. Wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Shule ya kata iliyozoea 120 itapokea 240. Kwa 40 kila mkondo, ni vyumba vitatu zaidi, meza na viti 120, na kama nusu ni wasichana, matundu matatu ya choo kwao kwa 1 kwa 20, na matatu kwa wavulana kwa 1 kwa 25. Wimbi hilo litapanda nao hadi kidato cha nne 2031, halafu vyumba vitatu vitabaki wazi. Makete watavijengea kwa saruji ya bei gani, na masika ya Machi yanakata barabara lini, ndicho cha kuandika sasa.