Kidogo ni Kiasi Gani?

Jumapili mjukuu wangu alipiga simu kutoka Nakuru, na mimi ndio nimeingia tu kutoka soko la Kibuye, hata kikapu sijakitua. Hakuuliza habari yangu wala ya babu yake.

"Dani, kwa githeri unatianga magadi kiasi gani?"

Nyuma yake nilisikia vijana wanacheka, sufuria inagongwa, mtu anauliza kitunguu kiko wapi. Walikuwa wanapikia wenzao, ishirini na kitu.

Githeri. Huyu mtoto amekulia Nakuru, simlaumu. Kwa babu yake hicho chakula cha mahindi na maharagwe ni nyoyo, lakini tangu yule jamaa apigwe picha akila githeri kwenye mfuko wa plastiki katika foleni ya kura, 2017, nimeacha kubishana na wajukuu juu ya jina.

Nikafungua mdomo nimjibu. Neno lililokuja ulimini ni lile lile nililoambiwa mimi siku ile: kidogo. Nikalimeza. Nikamwambia aendelee kuosha maharagwe, nitampigia.

Ilikuwa Desemba 1984, siku moja baada ya Krismasi. Wa rika langu wakisikia mwaka huo wanajua nazungumzia nini: mahindi ya yellow. Mvua ya masika ilikuwa imekataa kunyesha, maghala yakabaki ya panya, yakaletwa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, mengi kutoka Marekani. Ugali wake ulikuwa kama mtu ameukosea rangi. Watu walisema ni chakula cha kuku, na walisema hivyo wakiwa wamepanga foleni. Tulipimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, na ukipata mbili ulizifunika na leso hadi nyumbani.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne. Kwetu ni Maragoli, kwa mume wangu ni upande wa pili wa Maseno, si mbali hata kidogo, ila pale katikati lugha inageuka. Mama mkwe alikuwa na Kijaluo chake, mimi nina Kilogooli changu, tukakutana kwa Kiswahili kilichochechemea miguu yote miwili. Jina langu hakuna aliyelihitaji. Nilikuwa nyar Maragoli, binti wa Maragoli, basi.

Mwaka huo walikuja wote. Shemeji aliyefanya kazi Nairobi, mawifi wawili kutoka mashamba ya chai Kericho, shangazi wa mume wangu na ugoro wake, na watoto ambao kila nikiwahesabu wanaongezeka. Kuku walikuwa wameisha siku ya Krismasi yenyewe. Zilibaki gorogoro mbili za yellow, moja ya maharagwe, na mimi. Mama alikuwa na matanga kwa jirani. Alinionyesha chungu, akanionyesha mkebe uliowekwa juu ya ukuta wa jikoni.

"Magadi iko hapo. Tia kidogo." Akajifunga kitambaa, akaenda.

Sasa, nijitetee. Magadi niliyajua kwa jina tu. Kwetu tulitumia musherekha. Unachoma maganda na mabua makavu ya maharagwe, majivu unayaweka kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji, na yale yanayodondoka, ya rangi ya chai, ndiyo unatia kwenye kunde na mrenda. Ni maji. Unamimina, hata nusu kikombe, na mboga inalainika bila mtu kulalamika. Kwa mkono uliozoea kumimina, ule unga mweupe haukuwa kitu. Kidogo kwangu kilikuwa ngumi. Na kwa sababu mahindi yale yalikuwa magumu kama kokoto, nikiwa nimewasha moto saa kumi alfajiri na kufikia saa nne bado yanaruka kwenye meno, nikaongeza ngumi ya pili.

Chungu kikatoa povu. Povu lile lilipanda, likamwagika kwenye mafiga, moto ukalia. Maharagwe yakapasuka yote, mahindi yakazidi unjano hadi nikayaogopa. Nikaonja. Kama umewahi kulamba kipande cha sabuni ya kufulia ukiwa mtoto, sina haja ya kueleza.

Maji ya kumwaga na kuchemsha upya hayakuwepo, wageni walikuwa tayari wameketi. Wifi mmoja alipita, akanusa, akamwambia mwenzake jambo kwa Kijaluo. Sikuelewa ila neno moja, Maragoli.

Wanaume walikula chini ya mwembe. Kwa kawaida mimi na Mzee hatukukaribiana. Mke wa mwanao na wewe mna adabu yenu, unapita mbali, unatazama chini. Lakini siku ile mikono haikutosha, nikapewa birika niwapelekee strungi, chai kavu, maana maziwa nayo yalikuwa hadithi. Kwa hiyo nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa baba mkwe wangu, birika mkononi, alipotia kijiko cha kwanza mdomoni.

Alitafuna mara moja. Akaacha. Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa, na alikuwa anaangalia mbele, kwenye ule ua wa minyaa, kama mtu anayejaribu kukumbuka deni. Nzi alitua kwenye ukingo wa sahani, Mzee hakumfukuza. Shemeji wa Nairobi alikuwa amekwisha kuweka kijiko chake chini, anasubiri mkubwa aseme ndipo naye aseme. Watoto wakanyamaza, na watoto wale hawakuwa wa kunyamaza. Nikaona koo lake linapanda, linashuka. Akachota tena. Akala, kijiko baada ya kijiko, bila haraka, kama mtu anayepalilia mstari wake hadi mwisho, mpaka nikaona lile ua jekundu lililochorwa chini ya sahani.

Kisha akanyoosha mikono yote miwili. Mmoja ulikuwa na sahani, mwingine ulikuwa na kikombe.

"Niongezee," akasema. Kwa Kiswahili, ili nielewe.

Kabla mguu wangu haujatoka ardhini, Mama akatokea nyuma yangu. Sijui alirudi matanga saa ngapi. Alikuwa na sufuria ya nyoyo na upawa, na akaijaza ile sahani, akairundika, akaikandamiza kwa upawa ikae vizuri. Mzee alimtazama. Naye alimtazama Mzee. Wale wawili walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kuliko umri wangu. Mzee akashusha kikombe, akainua kijiko.

Baada ya hapo nani angesema neno? Shemeji alimaliza. Mawifi walimaliza. Usiku njia ya chooni haikulala, taa ya kandili ilikwenda na kurudi hadi jogoo, na asubuhi hakuna aliyeulizana. Mama peke yake, tukiosha sufuria, aliniambia, "Leo sabuni haitahitajika," akacheka hadi akaketi chini.

Mzee alifariki nikiwa na watoto watatu, na jambo lile hakuwahi kuligusa. Mimi miaka yote nilikuwa nikisimulia kwamba baba mkwe aliniokoa. Nimelisimulia kwenye harusi za binti zangu wote wawili, na watu wakafuta machozi. Ni mume wangu aliyeharibu. Kwenye harusi ya pili aliinama akaninong'oneza kwamba Mzee aliomba chai. Alikuwa ameketi karibu naye, anasema aliona mkono wa kikombe ukitangulia. Alitaka strungi ya kuteremshia, na mamake ndiye aliyeamua ni nyoyo.

Nilimkasirikia wiki nzima. Halafu nikaanza kufikiri juu ya ule upawa uliokandamiza. Kama ni kweli, basi niliyedhani ananichungulia kumbe ndiye aliyenibeba, na Mzee alibeba tumbo lake tu. Au Mama alikuwa anamlipiza mumewe kitu kingine kabisa, cha kale, na mimi nilipita katikati. Nilikuja kumuuliza akiwa mzee sana, anaota jua. Alisema nyoyo gani?

Nikampigia kijana. Nikamwambia nusu ya kijiko cha chai, kile kidogo cha kukorogea sukari, si kijiko cha kulia, kwa gorogoro moja ya maharagwe, na asithubutu kuongeza hata yakikataa kuiva. Akauliza mbona nasema kwa ukali. Nikamwambia kuna siku babu yake mkubwa alikula sahani mbili za sabuni kwa ajili yangu.

"Moja," akasema mume wangu kutoka kwenye kiti chake, sikio kwenye redio. "Ya pili aliomba chai."

Kijana akauliza nani huyo. Nikamwambia funika sufuria, punguza moto.