Kuwekea seva kikomo cha umeme

Anza na breka, si seva. Breka ya ampea 16 kwenye volti 230 inabeba wati 3,680, lakini kwa mzigo wa saa 24 usivuke asilimia 80, yaani wati 2,944. Na hapa ndipo wengi hukosea: raki (kabati la seva) yenye njia mbili za umeme, A na B, haina uwezo mara mbili. Njia moja ikikatika, nyingine inabeba mzigo wote papo hapo. Kwa hiyo jumla ya A na B ndiyo isivuke 2,944.

Ukiwa na seva 8, kila moja ipe kikomo cha wati 350. Jumla ni 2,800. Zinabaki 144 za swichi ya mtandao.

Pima kwanza wakati wa kazi nyingi kwa ipmitool, programu ya kusimamia seva kwa amri: `ipmitool dcmi power reading`. Kisha weka `ipmitool dcmi power set_limit limit 350`, umalizie na `ipmitool dcmi power activate`. Bila amri hii ya mwisho kikomo hakifanyi kazi. Kagua pia hatua itakayochukuliwa kikomo kikishindikana. Chagua kuandika kumbukumbu tu, kamwe usichague kuzima seva.

RAPL, kipengele cha prosesa za Intel cha kuweka kikomo cha umeme, ni nzuri, ila hubana prosesa na, kwenye baadhi ya mashine, kumbukumbu ya RAM. Feni na diski haizigusi, na ukiiweka kupitia Linux hupotea seva ikiwashwa upya.

Kikomo kikiwa chini mno, prosesa hushusha kasi na majibu ya hifadhidata huchelewa, hata kama grafu ya umeme inapendeza.