Zamu ya getini Lushoto: waliniambia koti, nikaponea kwenye kizulia

Mimi ni mtoto wa Ngamiani. Kwetu Tanga mjini, Julai kusi likivuma, bibi hujitanda kanga ya pili na majirani wanamuuliza kama anaumwa. Usiku ukipoa sana ni nyuzi 20 hivi. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepangiwa kufundisha shule ya msingi Lushoto, tena si pale mjini kwenye mita kama 1,400, bali juu zaidi, upande wa msitu wa Magamba. Kule asubuhi ya Julai ukungu unaingia darasani kabla ya mwalimu. Simu ya mwenzangu ilikuwa inasoma nyuzi 8, na yeye akaona ni habari ya kuchekesha.

Shule zikafunguliwa muhula wa pili, wiki ya kwanza zamu ikaniangukia mimi. Mwalimu wa zamu anatakiwa getini saa kumi na mbili na nusu. Unawapokea watoto, unaangalia barabara, maana geti letu liko kwenye kona na Fuso za kabichi zinashuka pale kama zimeachwa na breki, unaandika waliochelewa. Kengele ya mstarini ni saa moja na nusu. Saa nzima ya kusimama. Watoto wenyewe hawana shida sana, wanafika wamepanda mlima mbio, mvuke unawatoka kichwani kama sufuria. Anayeganda ni mwalimu.

Na watoto wa kule wana adabu. Kila mmoja lazima akuamkie, na ni mia nne na kitu. Jumatatu nilijibu marahaba vizuri mpaka kama wa thelathini, kisha taya likagoma. Ikawa "ma-ma-marahaba". Kufikia Jumatano darasa la tatu walikuwa wananiamkia "shi-shi-shikamoo mwalimu" na nyuso zao kavu kabisa, hakuna anayecheka.

Ushauri nilioupata ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni "utazoea". Neno hili silipendi mpaka leo. Mtu akikwambia utazoea, jua zamu yake yeye iliangukia Februari. Wa pili ni koti. Kila mtu koti, koti, koti. Nikaenda gulioni nikanunua la mtumba, elfu ishirini na kitu, lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekula vizuri maishani: mikono inapita vidole, pindo linagusa magoti. Nikasimama nalo getini Jumanne. Kuanzia magotini kwenda juu nilikuwa Mombo, nikitoka jasho. Kuanzia magotini kwenda chini nilikuwa kileleni Kilimanjaro. Nikaongeza gambuti. Mpira ule unashika baridi kuliko ardhi yenyewe, vidole vikafa moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipompigia mjomba.

Mjomba wangu alikuwa baharia, amefika Hamburg mara nyingi, na hakuna mazungumzo nyumbani yasiyopita Hamburg. "Mjomba, kule mlikuwa mnafanyaje na miguu?" Akacheka kwa huruma. "Pilipili, mwanangu. Unasaga, unanyunyiza ndani ya soksi. Utakuja kunishukuru." Nikapata pilipili kichaa iliyokauka, nikaitwanga usiku kwa mapenzi kabisa, na Alhamisi asubuhi nikanyunyiza kijiko kizima kila mguu. Nikavaa buti kama askari.

Dakika kumi za kwanza hakuna kitu. Kisha miguu ikaanza kutoa jasho ndani ya mpira, na joto likaja. Joto tamu, la taratibu. Nikawaitikia watoto marahaba bila kukatika hata mara moja, nikaanza kupanga kichwani zawadi ya kumpelekea mjomba. Dakika tano baadaye halikuwa joto tena. Ulikuwa moto. Kuvua buti siwezi, watoto wanapita na Mwalimu Mkuu namwona anapanda na mwavuli wake. Nikaanza kuhama mguu kwa mguu. Watoto wa darasa la kwanza wakadhani ni mchezo mpya, wakajipanga mbele yangu wakiruka hivyo hivyo. Mimi machozi yananilenga, nikayafuta kwa kidole. Kidole kile kile kilichonyunyiza pilipili.

Mkuu alifika akanikuta naruka, jicho moja limefumba, nimezungukwa na watoto wanaoruka. Akasema, "Vizuri, mwalimu, uchangamfu," akapita.

Nilikimbilia jikoni. Nikamwaga maji, ikawa mbaya zaidi, maji yanaitembeza tu pilipili. Mama mpishi ndiye aliyenisukuma nikae, akanipaka mafuta ya alizeti miguu yote, akaifuta, ndipo akaja na sabuni. Pilipili inafuata mafuta, haifuati maji, shika hilo hata kama hutasimama getini. Lakini lililonimaliza ni alipoushika unyayo wangu. "Mwalimu, mbona umepoa kama chura?" Kweli. Mimi nahisi nimekanyaga makaa, na nyama yenyewe baridi vile vile. Pilipili inakupa taarifa ya moto tu, moto wenyewe haupo. Baadaye mama yangu akaniambia mjomba safari zote zile alikuwa chumba cha injini. Baridi ya Hamburg aliisikia kwa wenzake.

Jaribio la jiko la mkaa silisemi sana. Mlinzi ana kibanda kidogo pale getini, tukaliingiza jiko tukafunga mlango kabla watoto hawajaanza kufika. Kichwa kikaanza kugonga, mlinzi akasema anasikia kichefuchefu, tukatoka tunayumba. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Usijaribu hata kwa dakika tano.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza magimbi ya kuchemsha na chai mkabala na geti. Ananiona wiki nzima. Ijumaa nikamwamkia kwa Kisambaa changu cha kubahatisha, "Onga makeo, mama," akafurahi, akaniangalia kuanzia juu hadi chini. "Mwalimu, juu umevaa. Chini umekanyaga nini?" Nikamwambia nimekanyaga ardhi, nikanyage nini tena. "Basi. Baridi ya hapa haishuki, inapanda." Ndipo nikamtazama miguu. Ana kandambili na soksi, basi, lakini amekanyaga ubao, na juu ya ubao gunia limekunjwa mara nne. Mama wa kandambili hatetemeki, mimi wa gambuti nalia.

Nikaanza na boksi. Nililikunjua, nikasimama juu yake, na wallahi tofauti niliisikia kabla watoto kumi hawajapita. Ila ukungu wa kule ni nusu mvua. Saa moja kasorobo boksi lilikuwa uji.

Jumamosi hiyo nafagia chumbani, nakiona mlangoni kizulia cha katani cha kufutia miguu alichonipa mama siku ya kuondoka Tanga. Nilijicheka. Babu yangu alikata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mashamba ya mkonge ndiyo unayopita ukitoka Muheza kwenda Korogwe. Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na safari yake ilipitia, naam, Hamburg. Mimi mtu wa Tanga nahangaika na pilipili, na katani iko mlangoni kwangu imesimamisha nywele kama brashi! Unene wa vidole viwili, haigeuki uji kama boksi, na katikati ya zile nyuzi hewa imekaa.

Nilimwomba mwenzangu wiki iliyofuata tubadilishane, nikashika zamu yake kwa makusudi, kulipiza kisasi. Nikatandika kizulia getini, nikasimama. Tabu ni moja tu: watoto wenye adabu wakiona kizulia wanafuta miguu. Udongo wa kule ni mwekundu na unanata, wanakuja mmoja mmoja, "Shikamoo mwalimu," shwa, shwa, kandambili inafutwa sentimita chache kutoka kwenye buti langu, wanapita. Mkuu naye akafika, akafuta viatu vyake taratibu, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, tumesimama pua kwa pua juu ya kizulia kimoja tukiulizana hali ya nyumbani. Habari ya kizulia hakuuliza kitu.

Gambuti sikuziacha. Nilichukua za namba moja zaidi ili soksi mbili zikae bila kubana, maana mguu uliobanwa haupati damu. Magimbi mawili ya moto kwenye nailoni, moja kila mfuko wa koti, mikono inapona na kengele ikilia unayala. Gazeti chini ya sweta nilifundishwa na bodaboda, linakata upepo kuliko sweta ya pili.

Jambo moja si la mzaha. Wiki hiyo ya pili mtoto wa darasa la pili alifika amelowa mpaka ndani, aliteleza mtoni. Watoto wanaotetemeka siwaogopi sana, mwili wao unapigana. Huyu alikuwa ameacha kutetemeka, na nilipomuuliza jina alijibu kama mtu wa usingizini. Tulimbeba mpaka jikoni, tukamvua nguo zote mbichi, tukamfunga kanga kavu mbili za mama mpishi na koti langu la Mzungu, uji wa moto kidogo kidogo alipoweza kushika kikombe. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kutetemeka tena, na mama mpishi akasema alhamdulillahi. Kuanzia siku hiyo Mkuu alikubali darasa moja lifunguliwe mapema, waliofika wasingoje kengele nje. Lingefunguliwa tangu zamani, lakini watu walikuwa wanangoja wazoee.

Kizulia sasa si changu. Kimeandikwa kwenye daftari la zamu, mstari wa pili baada ya kengele, kinakabidhiwa Ijumaa kwa Ijumaa, na nywele zimeshalala zote. Juzi nikampigia mama anitumie kingine kwa basi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huo mlango wako unapita watu wangapi?"