Siku Moja Maishani Mwangu: Mchunga Kimeng'enya wa Malindi

Majirani zangu hapa Barani, Malindi, husema kwamba ninapika asali ya uongo. Siwalaumu, kwa maana wanachokiona ni mwanamke aliyevaa kofia ya wavu akikoroga sufuria tangu asubuhi, na jioni akitoka na chupa za sharubati nzito ya manjano. Kazi yangu hasa ni kuigeuza sukari ya maziwa, yaani laktosi, iwe minyororo mifupi ya sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuimeng'enya, ikafika nzima kwenye utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wenye manufaa. Minyororo hiyo huitwa galaktooligosakaridi. Viwanda vya Japani na Uholanzi huitengeneza kwa matangi makubwa. Mimi ninayo sufuria ya lita 100.

Saa 11 alfajiri tuktuk huniletea maji ya jibini. Malindi haikosi Waitaliano, na palipo na Waitaliano pana jibini. Mtengenezaji mmoja huuza jibini na rikota, jibini laini la Kiitaliano, hotelini, na maji yanayobaki, ambayo zamani aliyamwaga mtaroni, sasa hunipa mimi. Nikishayachuja huwa maangavu, yenye ukijani hafifu unaotokana na vitamini B2.

Lita moja ya maji hayo ina laktosi isiyozidi gramu 50, na kwa kazi yangu huo ni wepesi mno. Kimeng'enya ninachotumia, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kinachotokana na kuvu aitwaye Aspergillus oryzae, huikata laktosi vipande viwili: glukosi huiachia, galaktosi huishikilia mpaka ipate wa kuipokea. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, mpokeaji wa karibu ni maji, na mwisho wake ni sukari za kawaida tu. Ukiwa mzito, mpokeaji huwa laktosi nyingine, na hapo ndipo mnyororo unapoanza. Kwa sababu hiyo lita 70 za maji huongezewa mfuko mzima wa kilo 25 wa laktosi ya unga, nikakoroga juu ya moto mpaka mkono ufe ganzi, kisha nikaacha ipoe hadi nyuzi 55 na kuitia asidi ya sitriki mpaka kipimo cha uchachu kisome 4.5.

Saa 3 kimeng'enya kinaingia. Kuanzia hapo sipiki tena, ninachunga. Kila nusu saa huchota tone, hulizimua mara 40 kwa maji safi, na kulipima kwa glukometa, kile kidude cha wagonjwa wa kisukari, kwani glukosi iliyoachiwa ndiyo inayonieleza kazi imefika wapi. Alama yangu ni 11. Ikipita hapo laktosi huwa imepungua, na kimeng'enya kile kile kilichojenga minyororo hugeuka kikaanza kuibomoa. Hakichoki wala hakina shukrani.

Saa 6 na nusu kipimo kilisoma 9.8, nami nikawasha jiko la pili liwe tayari. Mlangoni akabisha mzee mmoja aliyenunua chupa wiki iliyopita.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali, watoto, mama yangu na mvua, kisha akavuta kiti akaketi, na mtu mzima akishaketi humwambii asubiri nje. Hatimaye akatoa chupa iliyobaki robo. Lebo inasema kijiko kimoja cha chai kwa siku. Yeye alikuwa ameyamiminia mahamri manne kwa mbaazi, asubuhi mbili mfululizo, na tumbo likamnguruma hata akaona haya kukaa safu ya mbele msikitini. Alitaka fedha zake.

Nilimweleza kwamba bakteria wakilishwa hutoa hewa, na wakilishwa ghafla kwa wingi hutoa hewa nyingi; tena imo humo laktosi isiyogeuka, ambayo watu wengi wazima hawaimudu.

"Kwa hiyo, binti yangu, umeniuzia gesi?"

"Hapana, baba. Nimekuuzia kijiko kimoja kwa siku."

Hakucheka. Alinisimulia habari ya muuza dawa aliyemtapeli ujanani, akarudi kwenye mahamri, akataka nimsomee lebo yote, nikamsomea huku jicho langu likiwa kwenye sufuria. Nilimrudishia nusu ya fedha si kwa kuwa alikuwa na haki bali ili ainuke, naye akazihesabu mara mbili.

Kipimo kilisoma 13.4. Nilipandisha moto hadi nyuzi 90 ili kukiua kimeng'enya, lakini sufuria ya kiasi kile haichemki kwa kuombewa, na kabla hakijafa huwa kinaendelea kula. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipozima jiko. Mgongo ulikuwa unawaka na adhana ya alasiri ilikwisha pita. Nililamba kijiko: tamu kuliko inavyopaswa, kwa kuwa minyororo ni ya utamu mdogo na sukari zilizovunjika ndizo tamu. Haina madhara, ila siwezi kuibandika lebo yangu. Itakwenda kwa muuza barafu za vijiti, kwa bei yake yeye.

Usiku nilifungua daftari nikaandika tarehe, lita na vipimo vyote. Katika safu ya sababu niliandika neno moja: mgeni.