Jagi Lililoniponyoka Granada

Mwezi wa Novemba 2012 nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Albaicín, mjini Granada, kusini mwa Hispania, nyumbani kwa mama mmoja mjane aliyeishi na dada yake. Asubuhi nilihudhuria darasa la Kihispania, na somo lililonitesa wiki hiyo lilikuwa la vile viwakilishi vifupi: me, te, se, nos, os, le, les. Mwalimu alipoeleza kwamba se hutumika mtu anapojitendea jambo mwenyewe, niliandika "-ji-" pembeni mwa daftari nikaamini kwamba nimemaliza. Kwetu "-ji-" haibagui nafsi. Ninajiona, unajiona, wanajiona. Kwa hiyo nikawa nasema yo se levanto badala ya yo me levanto (ninaamka), darasa likicheka, kwa sababu Kihispania hubadilisha kiwakilishi hicho kwa kila nafsi, na se huachiwa nafsi ya tatu.

Yambwa tendewa, yaani yule anayetendewa jambo, ambaye kwa Kihispania huwakilishwa na le, haikunipa taabu. Wenzangu Waingereza walilalamika kwamba le di el libro a mi hermano humtaja kaka mara mbili bila sababu, nami nikawashangaa, maana "nilimpa kaka yangu kitabu" nayo humtaja mara mbili, kwa "-m-" na kwa jina, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo ni ajabu. Nakiri kwamba nilijivuna kidogo.

Jioni moja nilikuwa nikiosha vyombo. Miongoni mwake lilikuwamo jagi la Fajalauza, ufinyanzi wa mtaa huohuo wa Albaicín, jeupe, lenye michoro ya buluu na komamanga katikati, tunda ambalo kwa Kihispania huitwa granada kama mji wenyewe. Mikono ilikuwa na povu. Jagi likateleza, likagonga ukingo wa sinki, nikabaki na mkono wake tu. Mama mwenye nyumba alipokuja mbio, nilimwambia kwa sentensi niliyoipanga vizuri: "He roto la jarra." Nimevunja jagi. Sarufi haikuwa na kosa, lakini alinitazama kana kwamba nakiri shtaka mbele ya hakimu, kisha akauliza polepole: "¿Se te ha caído?"

Nikasimama pale nikiichambua. Se ni "-ji-", te ni "-ku-": jagi limejiangusha kwako? Haikuniingia akilini, mpaka neno la nyumbani liliponijia lenyewe: limekuponyoka. Kumbe tulikuwa nayo siku zote! Jagi ndilo linaloponyoka, na mimi niliyepatwa na jambo nimewekwa katikati ya kitenzi, "limeniponyoka", bila kubebeshwa lawama. Se ya namna hii haina uhusiano na "-ji-" ya daftari langu. Iko karibu zaidi na ile "-ik-" ya kuvunjika, kwani se ha roto ni "limevunjika", hakuna aliyetajwa kuwa mvunjaji.

"Sí, señora, se me ha caído," nikajibu, na uso wake ukalegea. Halafu akaongeza: "Pues díselo a mi hermana, que era suya." Jagi lilikuwa la dada yake. Lakini mimi nilishaisikia tena se ndani ya díselo, na ile "-ji-" ikanirudia kwa mazoea, nikadhani naambiwa nijiambie mwenyewe. Nilibaki nimeduwaa mpaka aliponyoosha kidole kuelekea sebuleni. Hiyo ilikuwa le iliyovaa nguo za se, kwa kuwa Kihispania hakikubali le na lo ("hilo") zifuatane, na maana yake ilikuwa "mwambie" tu.

Nikaenda sebuleni nikiwa nimeushika ule mkono wa jagi. Dada mtu alikuwa akifuma mbele ya televisheni. "Se me ha caído la jarra," nikasema. Hakulitazama jagi, alitazama kiganja changu, akaweka sindano zake chini, akauliza: "¿Te has cortado?"

Umejikata? Safari hii ilikuwa "-ji-" kwelikweli. Nikatazama kidole gumba, nikaona damu imechanganyika na povu.

"Me he cortado," nikamjibu, naye akainuka kwenda kutafuta plasta.