Majongoo wa Bamburi

Jana nilimpeleka mwanangu Haller Park, Mombasa. Akaokota jongoo, likajikunja kama kifungo kiganjani mwake. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo ndiye fundi wa msitu huu."

Maana hapa palikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi 1954. Jiwe tupu, jua kali, hata nyasi hakuna. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, akajaribu aina 26 za miti, mivinje ikashika. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Wakaletwa majongoo, wakayatafuna, yakawa mboji, na udongo ukaanza kupatikana.

Nilikaa chini ya mvinje mmoja, upepo ukivuma juu, nikashukuru kwa dhati. Mashimo mangapi ya mawe hapa pwani yangali wazi?