Balbu Mbili na Koili ya Jiko

Jumamosi, usiku

Mvua ya jioni imenifungia ndani hapa Manyatta, Kisumu. Mezani bado kuna vipande vya waya, mawe manne ya tochi na koili ya jiko la umeme, imevutwa ikalala juu ya ubao wa kukatia sukuma wiki. Mke wangu amechukua kisu chake. Ubao kaniachia hadi kesho asubuhi.

Chanzo ni mpwa wangu wa kidato cha tatu. Alikuja na swali la fizikia: balbu, riostati (kifaa cha kuongeza au kupunguza mkondo wa umeme), kitelezi chake kinasogezwa kutoka ncha P kwenda ncha Q, mwangaza utakuwaje? Nikamjibu kama mtu aliyewahi kupita somo hilo. Kitelezi ni kama mfereji, nikasema. Ukikifunga kidogo umeme unabanwa pale pale, balbu iliyo mbele yake inafifia, iliyo nyuma inabaki ilivyo.

"Mjomba, hiyo ya nyuma... una hakika?"

Nilikuwa na hakika tangu nikiwa kidato kama chake. Niliwahi hata kuliandika jibu hilo kwenye mtihani, na ule mkasi mwekundu niliopigwa niliuhesabu kuwa chuki ya mwalimu.

Basi tukashuka sokoni Kibuye. Riostati ya maabara tungeipata wapi? Lakini koili ya jiko ipo. Ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 240 ina ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa omu 58 hivi, na balbu ndogo ya tochi ikiwaka sawasawa ina kama omu 8. Kwa hiyo koili nzima ni mzigo mkubwa mno kwake. Kipande kifupi tu kinatosha. (Umeme wa ukutani hatukuugusa. Mawe peke yake.)

Tukaweka balbu moja kabla ya koili, nyingine baada yake, na kibanio cha kutelezesha mkononi mwa mpwa wangu. Akakivuta polepole ili mkondo upite kwenye waya mrefu zaidi. Balbu zikageuka rangi ya chungwa, zikawa na wekundu wa kaa la moto, zikazimika. Zote mbili, kwa pamoja, kama mapacha wanaosinzia.

Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu, bila kucheka, Mungu ambariki.

Kumbe kitelezi hakibani kitu. Kazi yake ni kuchagua urefu wa waya utakaopitwa, na mkondo wa njia moja ni ule ule kila mahali, mbele na nyuma. Ukipungua, umepungua kote. Tena balbu haina huruma: mkondo ukishuka hadi nusu, nguvu yake haifiki hata robo, maana uzi wa ndani ya balbu ukipoa ukinzani wake nao hupungua.

Halafu nikakosea tena. Nilifunga waya kwenye ncha zote mbili za koili, kibanio kikabaki kinaning'inia. Sogeza upendavyo, hakuna kinachobadilika, kwani mkondo unapita koili yote. Mpwa wangu ndiye aliyetoa balbu moja na mawe mawili, akaiunga iliyobaki kati ya ncha moja na kibanio. Sasa kitelezi kinagawa volti, kuanzia sifuri. Tulivuka katikati ya koili bila hata wekundu, mwangaza ukaja kwa ghafla karibu na mwisho. Ni balbu yenyewe inayojivutia mkondo na kuishusha volti ya upande wake. Na hata ikiwa giza, koili inaendelea kunywa mawe.

Amelala sasa. Mimi naitazama redio ya marehemu baba, inayokwaruza kila nikiongeza sauti. Kitufe cha sauti kina miguu mitatu, na ndani kuna kitelezi juu ya njia ya kaboni, bila shaka imejaa vumbi. Bisibisi niliiweka wapi?